Bi Nungunungu na Mkono wa Kuazima

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa njia, na penye njia pakawa duka.

Dukani mna nani?

Mna mwenye miiba, mizani hana.

Basi sogeeni. Aliye mbali asikie, aliye karibu asisinzie.

Hapo zamani za kale, zama wanyama walipokuwa wakiuza na kununua kama sisi, palikuwa na njiapanda katika nchi kavu, na hapo njiapanda palikuwa na duka moja tu. Mwenye duka alikuwa Bi Nungunungu.

Duka lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa na kuta za udongo, paa la nyasi, na ubao wa kuuzia uliokuwa laini kwa kuegemewa na viwiko vya wateja. Nyuma ya ubao yalisimama magunia matatu yenye midomo wazi: gunia la mtama, gunia la mahindi na gunia la kunde. Juu ya ubao kilikaa kibaba cha mti wa mninga. Kwa kibaba hicho Bi Nungunungu alimpimia kila mtu.

Alipima kibaba cha tele. Nafaka ilipanda juu ya mdomo wa kibaba ikafanya kilima, na punje za pembeni zikamwagika kikapuni mwa mteja. Kisha ilifuata desturi ya njiapanda. Mteja aliingiza mkono wake mwenyewe ndani ya gunia, akachota ukufi mmoja, yaani kadiri kiganja kinavyoweza kubeba, akaongeza kwenye kikapu chake. Huo ukufi haukulipiwa hata kauri moja, na kauri ndizo zilizokuwa fedha yao. Kindi alichota ukufi wa kindi, nyani alichota ukufi wa nyani, na hakuna aliyetazama kiganja cha mwenzake. Wenyewe walikuwa na msemo: kibaba ni cha kauri, ukufi ni wa ujirani.

Nafaka ililetwa na msafara wa ngamia, mara moja kila miezi mitatu. Msafara huo ulikuwa na sheria ngumu. Kituo kikishindwa kununua magunia kumi, si kituo. Msafara unakipita, na ukikipita mara moja haurudi tena. Na duka lililofuata lilikuwa kule ziwani, siku tatu kwenda na siku tatu kurudi.

Mwaka mmoja mambo yakaharibika. Mvua za vuli hazikunyesha. Za masika zilikuja kwa mguu mmoja, zikarudi zilikotoka. Bei ya gunia ikapanda, ikapanda tena. Waliokuwa wakinunua vibaba vitano wakanunua viwili, na waliokuwa wakinunua viwili wakawa wanapita dukani kusalimia tu. Njiapanda nzima kukawa na neno moja mdomoni: kujibana.

Bi Nungunungu naye akajiambia, "Wao wanajibana, na mimi nijibane."

Akang'oa mwiba mmoja mrefu mgongoni mwake, akauweka kando ya kibaba.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Kindi, mwenye watoto watano na mkia uliokonda. Aliomba vibaba viwili vya mtama. Bi Nungunungu akajaza kibaba, akachukua mwiba, akaupitisha juu ya mdomo wa kibaba, fyaa. Kile kilima kikarudi guniani. Kikabaki kibaba cha mfuto, sawasawa kama uwanja uliofagiliwa.

Mama Kindi akakitazama. "Bi Nungu, leo kibaba kimenyolewa?"

"Kimenyolewa, jirani. Mwaka huu hata vibaba vina msiba."

"Pole yao. Hebu nikishike."

Mama Kindi akakishika kibaba kwa mikono miwili, akakitikisa: kacha, kacha, kacha. Akakigonga juu ya ubao: ko, ko, ko. Mtama ukajipanga, ukashuka kwa kina cha kidole.

"Naona pana nafasi hapo juu," akasema kwa adabu. "Ongeza, kisha unyoe."

Bi Nungunungu akaongeza. Angefanya nini? Kesho yake kila mteja alitikisa na kila mteja aligonga. Kacha kacha, ko ko, dukani ukadhani pana ngoma. Jioni Bi Nungunungu alipopiga hesabu aliona kwamba kibaba cha mfuto kilichotikiswa kinakula mtama karibu sawa na kile cha tele.

Akawaza. Siku iliyofuata, mchana, wakati duka halina mtu, alipasha nta ya nyuki akaimimina ndani ya kibaba, ikatanda chini unene wa kidole. Ikapoa, ikakauka. Kwa kuwa nta ile ilikuwa ya kahawia kama mninga, mtu asingejua bila kuingiza mkono.

"Huu si wizi," akajiambia. "Huku ni kujibana."

Moyo wake ulitaka kusema neno. Akauambia unyamaze, kuna kazi.

Basi akapima kwa kibaba chenye nta, wateja wakatikisa na kugonga, wakaenda. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili hakuna aliyesema kitu. Siku ya tatu Mama Kindi akaja, na nyuma yake alikuja Nyani.

Nyani huyu mnamjua. Ana mabega mapana, kiganja kama jembe, na sauti ya mtu ambaye hana haraka. Mama Kindi akanunua kibaba chake cha mtama, akalipa. Ulipofika wakati wa ukufi, akasogea pembeni, na Nyani akasogea mbele akikunja mkono wa kanzu.

Bi Nungunungu akaweka kiganja juu ya mdomo wa gunia. "Ngoja kwanza. Nani ananunua?"

"Mimi," akasema Mama Kindi.

"Na huyu?"

"Huyu ni mkono wangu."

"Mkono wako una ndevu?"

"Nimeuazima," akasema Mama Kindi. "Wangu nimeuacha nyumbani unawabembeleza watoto."

Nyani akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, Bi Nungu. Desturi ya njiapanda inasema mteja aingize mkono. Haikusema mkono wa kuzaliwa nao. Au nimekosea, mama?"

Waliokuwa nje wakacheka. Bi Nungunungu alitaka kukasirika, lakini naye kicheko kilimpanda hadi kooni, akakimeza. Mkono wa Nyani ukazama guniani hadi kwenye kwapa, ukatoka na ukufi uliokaribia kuwa kibaba kizima. Nusu akampa Mama Kindi, nusu akaitia katika mfuko wake. Ndio ulikuwa ujira wa mkono.

Kesho yake panya alikuja na mkono wa Nyani. Sungura akaja na mkono wa Nyani. Kanga, ambaye hana mkono kabisa na miaka yote alikuwa akichotewa ukufi na mwenye duka, naye alikuja na mkono wa Nyani. Nyani akawa anashinda dukani kutwa, ameketi juu ya kigogo, anaitwa, anachota, anagawana, anakaa. Akaacha shamba lake. Kwa nini alime, na mkono wake umekuwa shamba?

Bi Nungunungu akatazama magunia yake yakikonda, akasema, "Haya. Mmetaka wenyewe."

Akakata vifuniko vitatu vya ubao vya kufunika magunia. Katikati ya kila kimoja akatoboa tundu dogo, mkono wa kindi upite kwa kujikunja. Akafunika gunia la kwanza, akafunika la pili, akafunika la tatu.

Nyani alipokuja aliliinamia tundu lile, akaingiza kidole kimoja, akakitoa. Kilikuwa na punje mbili za mtama. Akazihesabu mbele ya watu: moja, mbili.

"Bi Nungu," akasema, "hili ni gunia au ni kichuguu?"

"Ni gunia la mwaka huu."

"Basi mimi si mchwa. Kwaheri, mama."

Akaondoka, na wateja wakaondoka nyuma yake.

Siku ya kwanza hakuja mteja. Siku ya pili hakuja mteja. Siku ya tatu alikuja nzi, akatembea juu ya kibaba kutoka upande huu hadi upande ule, akaruka, akaenda zake bila kununua.

Siku hizo tatu Bi Nungunungu hakupoteza hata punje moja. Wala hakuuza hata punje moja.

Sasa sikilizeni. Siku ya nne, asubuhi, ndege Hondohondo alipita juu ya njiapanda akipiga kelele kama kawaida yake: "Msafara uko njiani. Msafara utafika keshokutwa. Mwenye kituo ajiandae."

Bi Nungunungu akafungua kasha lake. Akatenga kwanza ada ya kusimama, maana msafara ulitoza ada kila kituo kwa kuwaweka ngamia, na ada hiyo ilikuwa sawa na bei ya gunia moja. Kauri zilizobaki zilitosha magunia sita. Akazihesabu tena. Zilitosha magunia sita.

Sita si kumi.

Akaketi nyuma ya ubao wake, akafikiri. Njia moja ilikuwa nyepesi. Kauri zile zingemlisha yeye peke yake mwaka huu na mwaka ujao. Angefunga duka, akajikunja shimoni mwake, akatoka mvua zikirudi. Hakuna ambaye angemlaumu, maana wateja ndio waliomkimbia. Lakini alilitazama duka lile, akatazama pale viwiko vilipoulainisha ubao. Tangu ujana wake alikuwa akiamka kwa hodi ya mtu anayetaka kitu. Siku tatu za kimya zilikuwa zimemtosha.

Akafunga mlango, akaenda kwa Mama Kindi.

Alimkuta Mama Kindi amepiga magoti uwanjani, anachimba. Uwanja mzima ulikuwa mashimo. Watoto watano nao walikuwa wakichimba, kila mmoja na shimo lake, na nyuso zao zilikuwa zimejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Nungu. Angalia usitumbukie."

"Unapanda nini wakati wa kiangazi?"

"Sipandi. Natafuta akiba yangu."

"Akiba ipi?"

"Kauri. Kila siku ambayo Nyani alinichotea, nilinunua kibaba kimoja badala ya viwili, na kauri iliyosalia nikaificha ardhini. Kauri moja hapa, mbili kule. Sikutaka mwizi azipate zote mahali pamoja."

"Umezificha wapi?"

Mama Kindi akapangusa vumbi puani. "Kama ningejua, dada, ningekuwa nachimba?"

Mtoto wa mwisho akasema, "Mama alizificha vizuri sana." Akaendelea kuchimba.

Bi Nungunungu akaketi juu ya udongo uliochimbwa. Akaona jinsi mbavu za watoto zinavyohesabika, akaona sufuria iliyopinduliwa kifudifudi penye mafiga baridi. Lile neno ambalo moyo ulitaka kulisema siku ya nta, sasa likatoka lenyewe.

"Jirani, kile kibaba nilikitia nta."

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Mtama wa kibaba kimoja huwa unajaza bakuli langu la bluu. Siku hiyo haukujaza."

"Mbona hamkusema?"

Mama Kindi akakung'uta udongo mikononi. "Tungesemaje, na sisi tulikuwa tumeshamfikiria Nyani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini mmoja alimsogezea mwenzake kigogo akalie vizuri.

Wakiwa hapo Nyani akatokea, anatembea polepole, amebeba mfuko. Akauweka chini mbele yao, akaufungua. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, na katika unga huo wadudu weusi wadogo wakipishana kama watu gulioni.

"Fukusi," akasema Bi Nungunungu.

"Niliweka ujira wangu wote pangoni," akasema Nyani. "Nilikuwa na akiba ya mtama. Sasa nina unga ambao sikuusaga."

Mama Kindi alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Watoto wakacheka kwa kuwa mama yao amecheka. Mwishowe Nyani naye akacheka, bega moja kwanza, kisha la pili.

Walipotulia, Bi Nungunungu akasema: "Mmemsikia Hondohondo. Keshokutwa msafara upo hapa. Nina kauri za magunia sita. Nikikosa manne, msafara unapita, na mkitaka mtama mtaufuata ziwani."

"Siku tatu," akasema Nyani.

"Kwenda," akasema Mama Kindi. Akawatazama watoto wake, wa kwanza hadi wa tano. "Mimi hawa siwafikishi huko."

"Kwa hiyo nasema hivi," akasema Bi Nungunungu. "Kauri mlizoweka kwa kujibana, zikikaa ardhini haziliwi. Zileteni, tuongezee magunia."

Mama Kindi akamkazia macho. "Bi Nungu, hatugombani. Lakini wewe umetia nta. Kwa nini tukupe kauri zetu?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Bi Nungunungu hakulikwepa.

"Msinipe mimi. Mpeni Ngamia kwa mikono yenu, na gunia mtakalonunua liwe lenu, kwa bei ya msafara na si bei ya duka. Mimi nitaliweka ghalani kwangu. Nafaka yangu huwa naichanganya na majivu na majani makavu ya mwarobaini, na hamjawahi kuona fukusi dukani mwangu. Nitawapimia kidogo kidogo mnavyohitaji. Katika kila vibaba ishirini kimoja kitakuwa changu, kwa kulinda na kupima. Kibaba kitakuwa cha mfuto, nawaambia leo mchana kweupe, maana mwaka ni mbaya. Lakini kitakuwa na kina chake chote."

Akakitoa kibaba kwapani, kwani alikuwa amekuja nacho. Akang'oa mwiba, akachokoa nta mbele yao. Ikatoka kipande kizima, mviringo kama mwezi. Akampa mtoto wa mwisho wa Kindi, naye akaikunja akaitia mdomoni, akaanza kutafuna.

Mama Kindi akaingiza mkono ndani ya kibaba, akagusa mti hadi chini. "Haya," akasema. "Sasa nisaidie kuchimba."

Nungunungu, kama mjuavyo, ana kucha za kuchimba na pua ya kunusa. Alinusa uwanja ule hatua kwa hatua. "Hapa," akasema, wakachimba, wakapata kauri mbili. "Hapa," wakapata moja. "Hapa," wakapata kokwa ya mwaka juzi, Mama Kindi akasema nayo ni akiba, asiitupe. Habari ikaenea. Panya akaleta kauri alizoficha ndani ya godoro la nyasi. Kanga akaleta alizolalia pamoja na mayai. Sungura akaleta tano, akasema ndizo zote, na siku ya pili akarudi na nyingine nne bila kueleza.

Kufikia usiku wa kuamkia siku ya msafara walikuwa wamepata kauri za magunia matatu. Wakachimba tena, wakauliza tena. Hazikuongezeka.

Sita na tatu ni tisa. Tisa si kumi.

Asubuhi na mapema vumbi likaonekana upande wa kaskazini, halafu kengele zikasikika, halafu shingo zikatokea, ndefu, moja nyuma ya nyingine. Ngamia kiongozi akasimama mbele ya duka akitafuna.

"Kituo cha njiapanda. Una magunia kumi au nipite?"

"Salaam kwanza, Bwana Ngamia," akasema Bi Nungunungu.

"Salaam. Una kumi au nipite?"

"Nina tisa na hoja."

"Hoja hailiwi."

"Basi niulize tu. Ile ada ya kusimama, huwa ni ya nini?"

Ngamia akamtazama kutoka juu. "Ni ya muda, mama. Wewe uko peke yako. Unaburura gunia moja, unapumzika, unaburura la pili. Ngamia wangu wanasimama na mizigo mgongoni mpaka alasiri. Wanakunywa, wananung'unika, tunafika kituo kinachofuata giza limeingia. Unafikiri hayo ni ya bure?"

"Na kama magunia kumi yakiwa yameshuka kabla jua halijafika utosini?"

Ngamia akaacha kutafuna. "Tangu nianze kupita njia hii hujawahi."

"Tangu uanze kupita njia hii nilikuwa peke yangu."

Ngamia akainua shingo, akaona. Uwanja wa duka ulikuwa umejaa. Nyani alikuwa mbele, mikono miwili imekunjuliwa. Nyuma yake palikuwa na Mama Kindi na watoto watano, panya na ukoo wake, sungura, kanga, na wengine ambao hata majina yao Ngamia hakuyajua.

"Jeshi hili lote limetoka wapi?"

"Ni wateja wangu. Yakishuka kabla ya adhuhuri, huna ulichopoteza. Ile ada ifute, na kauri zake nimeshazitenga hizi hapa. Ndizo bei ya gunia la kumi."

"Na yasiposhuka?"

"Chukua ada yako, pakia magunia yako, upite. Sitakuita."

Ngamia akatafuna mara mbili. Ngamia akitafuna mara mbili anapiga hesabu. "Pigeni magoti," akawaambia ngamia wenzake. "Na wewe, mama, jua lile pale. Mimi silizuii."

Nyani akashika gunia la kwanza, akaanzisha wimbo, na wengine wakaitikia. Nanyi itikieni, maana gunia halishuki kwa kutazamwa:

Ewe jua, taratibu,
tuna gunia la tabu.
Ewe jua, tustahi,
tuna watoto wa kulisha.

Gunia la kwanza likashuka. La pili likashuka. La tatu Nyani alilibeba peke yake begani, na la nne akalibeba begani kwa upande mwingine. Panya ishirini waliingia chini ya gunia la tano, likatembea lenyewe kama kobe. Kindi walifungua kamba kwa meno kabla ngamia hawajamaliza kupiga magoti. Sungura alisimama mlangoni akipokea na kuelekeza, na safari hii alieleza kila kitu. La sita, la saba, la nane yakaingia.

La tisa likapasuka. Lilikwaruzwa na ncha ya tandiko likafunguka ubavuni, mtama ukaanza kumwagika, shwaa, kwenye vumbi. Wimbo ukakatika. Watu wakasimama wakitazama mtama, na vivuli vyao vilikuwa vimeshafupika hadi miguuni.

Bi Nungunungu hakusimama. Alijikung'uta mgongo, akang'oa mwiba, akaupitisha kwenye gunia, ukashika. Akang'oa wa pili, ukashika. Akang'oa wa tatu, ubavu wa gunia ukafungika. Mama Kindi akawa amekwisha kuwapanga watoto wake chini, wanaokota punje kwa mikono yao midogo, na mikono midogo haiachi punje.

"Endelea kuimba," Bi Nungunungu akamwambia Nyani. "Nani amekuambia upumzike?"

La tisa likaingia. La kumi likaingia.

Ngamia akatazama kivuli chake. Kilikuwa kimebaki chembamba, upana wa kwato, kandokando ya mguu. Akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alikuwa mfanyabiashara na alitumaini kingeondoka. Hakikuondoka; jua lilikuwa bado halijafika utosini.

"Kumi," akasema. Kila mmoja akamkabidhi kauri zake kwa mkono wake, na Bi Nungunungu akatoa zake mwisho. "Tutaonana baada ya miezi mitatu, mama. Ukiwa na jeshi lako, ada sitaitaja."

Mwaka mbaya haukugeuka mwema siku hiyo. Jua liliendelea kuwaka na kibaba kiliendelea kuwa cha mfuto. Lakini kila mtu alijua kina chake, na hakuna tena aliyekitikisa. Vifuniko vyenye tundu vikaondolewa magunia yakabaki wazi, na kila mteja akachota ukufi wake kwa mkono wake mwenyewe. Waliokuwa wakinunua kila siku wakaanza kuchukua cha wiki nzima kwa pamoja, nyumba tatu tatu, na njiani hakikumwagika kitu. Msafara ulirudi mara ya pili, ukarudi mara ya tatu, na hakuna mtoto wa njiapanda aliyepelekwa ziwani kufuata mtama.

Na Nyani, ambaye siku ile hakuwa na kauri hata moja ya kutoa? Jioni yake, magunia yakiwa ghalani, aliketi juu ya kile kigogo akijikanda mabega, hakuomba kitu. Mama Kindi akachota ukufi wake kutoka kwenye gunia lao, akaenda akautia kikapuni mwa Nyani. Mtoto wa kwanza akatia ukufi wake, wa pili akatia, hadi wa tano. Panya wakapanga foleni. Kanga, asiye na mkono, alileta punje kwa mdomo, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Viganja vilikuwa vidogo mno, lakini vilikuwa vingi, na kikapu kikajaa hadi kikafanya kilima. Nyani alikitazama, akakibeba kwa mikono miwili. Kesho yake akaonekana shambani kwake na jembe.

Basi, mnaonunua na mnaouza, ngano hii inasema hivi. Mwaka wa dhiki kila mtu hujibana, na hakuna ubaya. Ila ukijibana kwa kumpunja jirani, hujaweka akiba. Umeihamisha njaa kutoka nyumba yako kwenda ya pili, nayo njaa inaijua njia ya kurudi. Mwenye duka amtunze mteja, na mteja alitunze duka, ndipo kila kauri itakapopata cha kununua.

Ngano yangu nimeipima mbele yenu. Ikiwa imejaa, gawaneni. Ikiwa imepungua, kilichopungua ni changu, msimdai mwingine.